Mnyang'anye anachojivunia, afu mtazame

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa makocha, wazazi na wachezaji wa mpira wa kikapu. Wengi mlikosa kuja, nimeiandika kama nilivyoisema, sijaipamba.)

Makocha wenzangu, wazazi wetu, na nyie vijana mliokaa huko nyuma kabisa, sogeeni mbele basi, leo tunawaongelea nyie.

Naanza na swali. Mtu akikupigia simu akakwambia njoo umwone huyu dogo wa chuo, anafunga pointi 20 kila mechi, wewe unaenda kuangalia nini? Si unaenda kuangalia hizo pointi 20? Na akizifunga unarudi nyumbani roho kwatu, umeandika kwenye daftari "mfungaji mzuri sana", umelala. Sasa mimi nasema siku hiyo hujaona kitu. Umeona kile ulichoambiwa kwenye simu, nauli yako umeitupa bure.

Miaka yote niliyokaa pembeni ya uwanja na daftari nimejifunza jambo moja, na nalisema mapema ili hata atakayetoka katikati aondoke nalo. Ukitaka kumjua mchezaji kijana, mnyang'anye kile anachojivunia, afu mtazame. Kama ni mbio, mtafute siku amekutana na wenye mbio kuliko yeye. Kama ni urefu, mtafute siku amekutana na mtu aliyemzidi nguvu za kiuno. Kama ni shuti, mtafute siku shuti imekataa. Mnyang'anye, afu mtazame.

Ntawapa kisa, na wengi mnamjua mwenyewe lakini mechi yenyewe sidhani kama wengi mnaijua.

Novemba 2008, chuo kidogo kinaitwa Davidson, North Carolina, Marekani. Stephen Curry, huyu aliyekuja kuwa nyota wa NBA, ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani, yuko mwaka wa tatu. Msimu uliotangulia kaingiza mitupo ya pointi tatu 162, hamna mchezaji wa chuo Marekani alikuwa amewahi kufikisha idadi hiyo kwa msimu mmoja, na kakivusha hicho chuo kidogo mpaka nane bora ya ubingwa wa vyuo wakaja kufungwa na Kansas 59 kwa 57. Kwaiyo kila kocha Marekani anajua, ukicheza na Davidson unamzuia nani? Curry. Wakaja Loyola wa Maryland na mpango wao, kocha wao kaamua wachezaji wawili wamgande Curry mwanzo mwisho, awe na mpira asiwe na mpira, wawili. Akienda kulia wawili, akienda kushoto wawili.

Ivi kijana wako wewe angefanyaje? Niambieni ukweli. Yuko mwaka wa tatu, skauti wa NBA, yaani watafuta vipaji, wamejaa jukwaani, jina lake liko kila gazeti, na leo kuna watu wawili wanamnyima hewa. Wengi tunajua angefanya nini. Angelazimisha. Angeingia katikati ya wale wawili na dribo, angepiga shuti huku anaanguka, angemwangalia refa, angewafokea wenzake "nipeni mpira", na mwisho wa mechi angekuwa na pointi zake 15 kwa mitupo 25 na timu imefungwa, afu mzazi wake anasema mwanangu leo kapambana sana jamani.

Curry akaenda kusimama kona. Akasimama tu. Wale wawili wakamfuata kona huko huko wakasimama nae, kwaiyo uwanja mwingine wote umebaki Davidson wanne kwa Loyola watatu. Wanne kwa watatu! Hesabu ya mtoto wa shule. Wenzake wakawa wanafunga wanavyotaka. Curry kapiga mitupo mitatu tu mechi nzima na pointi zake ni sifuri. Sifuri, msimu ule ule ambao alikuja kumaliza akiwa kinara wa ufungaji wa vyuo vyote na wastani wa pointi 28.6. Na Davidson wakashinda 78 kwa 48.

Sasa fungua daftari lako. Kijana kafunga sifuri, unaandika nini? Kama kazi yako ni kuhesabu pointi utaandika siku mbaya. Mimi ningejaza ukurasa mzima. Anausoma mchezo. Hana njaa ya kuonekana kuliko njaa ya kushinda. Anaziamini pasi za wenzake hata asipozigusa. Haya mambo matatu ukiyatafuta kwenye karatasi ya takwimu ya siku ile huyaoni kabisa, na ndo yanayoenda na mchezaji popote atakapokwenda, hayabaki chuoni na jezi.

Kwaiyo wazazi wangu, na hili nawaomba kwa heshima zote. Mkinitumia video ya dakika tatu, dunki tupu, shuti nzuri tupu, muziki mkubwa, nashukuru na nitaiangalia, lakini ntawajibu asante, sasa nitumieni mechi nzima, na iwe ile mliyofungwa vibaya. Wengine mnakasirika mnadhani namtafutia mtoto kasoro. Hapana. Namtafuta mtoto mwenyewe, kwenye zile dakika tatu nimemwona mkono wake tu.

Kisa cha pili ni kifupi. Fainali ya vyuo 2012, New Orleans, Kentucky na Kansas. Anthony Davis, miaka 19, mwaka wa kwanza chuo, kila mtu anajua ndo atakuwa namba moja kwenye drafti, ile siku timu za NBA zinachagua vijana wapya kwa zamu. Siku ya fainali shuti imemkataa, kapiga mitupo 10 kaingiza mmoja. Mmoja kati ya kumi, kwenye fainali, dunia nzima inaangalia! Afu ikawaje? Ribaundi 16 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa), bloku 6 (mitupo aliyoizuia), asisti 5 (pasi za kufungisha), kanyang'anya mipira mitatu, Kentucky wakashinda 67 kwa 59 na yeye ndo akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ile ya nne bora akiwa na pointi sita tu. Wamemnyang'anya ufungaji akafungua kabati lingine. Na kuna la kujifunza hapo nyuma yake, huyu Davis sekondari alikuwa mfupi, alikuwa anacheza gadi, yule wa nje anayeongoza mpira, afu akarefuka ghafla kama mgomba, kwaiyo ule wepesi wa mikono na macho ya pasi mnayoyaona kwenye mwili wa mita 2.08 yalitoka enzi za ufupi wake. Ndo maana kila kijana mrefu nikikutana nae namuuliza, kabla hujarefuka ulikuwa unacheza wapi? Swali dogo lakini linakupa nusu ya majibu.

Kuna kitu kimoja nakifanya mimi kila mechi, naomba na nyie mkijaribu. Kijana akipoteza mpira, achana na mpira. Usiufuate kwa macho, kina mama na kina baba huko jukwaani wataufuata kwa niaba yako. Wewe mwangalie yeye, hatua zake tatu za kwanza. Zinaenda wapi? Zinarudi kulinda goli lake, au zinaenda kwa refa, au hazipo kabisa, amesimama kainua mikono. Naziandika. Mechi moja haisemi kitu, mtu anaweza kuwa na uchungu wa siku, lakini mechi tano ukikuta hatua zile tatu zinaenda kwa refa mara nane kati ya kumi basi umeshampata, na hilo hata awe anafunga pointi 30 litakuja kumsumbua.

Sasa nije mahali panapotuuma sote tunaoongea Kiswahili.

Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, mpira wa kikapu kaanza kuushika akiwa na miaka kama 15, mita 2.21 kwenda juu. Akaenda University of Connecticut, na msimu wake wa tatu, 2008-09, wastani wake ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kila mechi. Mlinzi bora wa ligi yao ya Big East miaka miwili mfululizo. Timu yake ikaingia nne bora ya taifa. Juni 2009 kwenye drafti Memphis wakamchukua namba 2. Namba 2! Namba 3 alikuwa James Harden, na yule Curry wetu wa kona alikwenda namba 7. Mimi usiku ule nilishangilia mpaka sauti ikakauka na mpaka leo najivunia, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, hilo halifutiki na asije mtu hapa akalichezea.

Lakini sisi ni makocha, tunatakiwa tuulize bila woga. Msimu wake wa kwanza haujaisha, Februari 2010, Memphis wakamshusha ligi ya chini, na hamna mchezaji wa namba ya juu kama yake aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Akahama timu, na misimu yake yote ya NBA ikija kujumlishwa wastani ni pointi 2.2. Kwanini? Na je, dalili zilikuwepo chuoni? Au sote tulikuwa tunaangalia urefu?

Dalili zilikuwepo, na mechi yenyewe ni ya Februari 16, 2009. Connecticut ndo namba moja nchi nzima siku hiyo, wako nyumbani, wanacheza na Pittsburgh. Pittsburgh wana senta, yule mchezaji wa chini ya goli, anaitwa DeJuan Blair, mita 2 na kidogo hivi, yaani anaishia kwenye kidevu cha Thabeet. Blair mwili wake mpana, kiuno chini. Kuna tukio wanagombea mpira, mikono imenasana, na Thabeet akapinduka juu ya bega la Blair mpaka sakafuni. Watu wote wamelikumbuka lile tukio, mimi nililikumbuka muda mrefu mpaka nilipoirudia mechi nikagundua kwamba tukio lile lilinificha mengine. Angalia yanayotokea kabla mpira haujagusa ringi. Shuti inapigwa, Thabeet anatazama juu, Blair anatazama miguu ya Thabeet. Anamsogelea, anaweka makalio kwenye mapaja yake, anasukuma polepole nusu hatua, hatua moja, na mpira unaposhuka yule mrefu yuko nyuma ya ubao na yule mfupi yuko kwenye mpira. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Ishirini na tatu! Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68.

Urefu uko juu jamani lakini ribaundi inagombewa kiunoni. Siku ile Thabeet alinyang'anywa urefu wake bila mtu kumkata hata sentimita moja, na alipokosa urefu hakuwa na kabati lingine la kufungua, maana kikapu alikuwa amekicheza miaka saba tu na kwa muda wote huo urefu ulikuwa unamtosha. Nani angemfundisha kutafuta kingine wakati alichonacho kinashinda kila wiki?

Na kuna la pili hapo, hili makocha wengi hatulizingatii. Kwenye vyuo vya Marekani anayelinda hana sheria ya sekunde tatu. Senta wako mrefu anaweza kusimama chini ya goli lake muda wote, kama mlinzi wa geti, anasubiri wanaokuja. NBA huwezi. Tangu msimu wa 2001-02 wana sheria, mlinzi ambaye hamkabi mtu yeyote kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde tatu. Kwaiyo unamtoa yule mlinzi wa geti unamwambia toka nje, fuata skrini, pale mshambuliaji anaposimama kumzibia njia mlinzi, mpaka karibu na mstari wa pointi tatu, mita 7 kutoka kwenye goli, afu kimbia urudi na gadi mwenye mbio anakuja usoni kwako. Zile bloku 4.2 zilikuwa zake kweli, hamna wa kumnyima, lakini sehemu kubwa zilikuwa zinabebwa na sheria za ligi aliyokuwa anacheza.

Kwaiyo kila ubora unaouona kwa kijana uulize maswali haya haya. Ubora huu ni wa kwake au ni wa mahali alipo? Anatupa tatu vizuri, sawa, anatupa kutoka umbali gani, maana vyuo mstari wao uko mita 6.75 na kabla ya 2019 wanaume walikuwa wanatupia mita 6.32 tu, na NBA katikati ni 7.24. Anapanga mchezo vizuri, sawa, chuoni timu ina sekunde 30 za kufikiria kabla ya kutupa, ukimpa 24 za NBA ataweza? Anawaburuza wenzake, sawa, ana miaka mingapi? Hili la umri nalisema kwa haraka lakini ni kubwa, kijana wa miaka 23 anayewatesa wa miaka 18 na kijana wa miaka 18 anayewatesa wa 23 takwimu zao zinaweza kulingana kabisa na ni watu wawili tofauti kama mchana na usiku.

Na msinielewe vibaya mkaanza kusema mrefu aliyechelewa kuanza hafai. Hakeem Olajuwon alianzia wapi? Lagos, golikipa wa handiboli, kikapu kaanza akiwa kijana mkubwa. Kafika chuo cha Houston mwaka wa kwanza hajacheza hata mechi. Lakini likizo alikuwa anaenda ukumbi mmoja unaitwa Fonde, pale Houston, anacheza na Moses Malone. Moses Malone ambaye tayari alishakuwa mchezaji bora wa NBA, mtu mzima, mwili kama ukuta, anamsukuma kijana wa watu kila siku, anampiga viwiko. Yaani Olajuwon alinyang'anywa urefu na nguvu mapema kabisa, kwenye ukumbi usio na watazamaji wala takwimu, akalazimika kujitafutia miguu, na ile miguu ya handiboli ikaja kuwa silaha ambayo dunia nzima inaijua. 1984 akachukuliwa namba 1. Kwaiyo siku ukiona kijana anashinda kwa urahisi sana mechi zote, badala ya kupiga makofi muulize kocha wake, huyu anacheza na nani mazoezini? Nani anampiga?

Tuje kwenye udhaifu sasa. Nimeona ripoti za skauti wengi na hata za kwangu za zamani, zinaandikwa kama orodha ya manunuzi, shuti mbovu, mkono wa kushoto hamna, mwembamba, haongei uwanjani, basi. Kama vile udhaifu wote una uzito mmoja! Haulingani hata kidogo.

Kawhi Leonard akiwa San Diego State, mwaka wa kwanza mitupo ya pointi tatu aliingiza kama 20 kati ya 100, mwaka wa pili 29. Mbaya. Wengi walipomwangalia wakaandika hana shuti, na kwenye drafti ya 2011 akashuka mpaka namba 15. Lakini kuna namba nyingine ilikuwa imekaa pale pale pembeni, mitupo huru, kati ya minne alikuwa anaingiza mitatu. Fikirini. Mtupo huru hamna anayekukaba, hamna haraka, ni wewe na mkono wako na ringi. Mkono ukiwa sawa pale maana yake mkono unafundishika, tatizo liko kwenye namna anavyoubeba mpira au kwenye haraka. Indiana ndo waliomchagua, usiku ule ule San Antonio wakampata kwa kubadilishana, kocha wao wa shuti akamrekebisha mahali anapoushikia mpira, na msimu wake wa kwanza tu wa NBA akaingiza karibu 38 kati ya 100, tena kutoka mbali zaidi. Kwaiyo mimi nikisikia dogo hana shuti naomba kwanza namba za mitupo huru. Akiwa anaingiza nusu hapo ndo naanza kuwa na wasiwasi.

Na sasa niwaambie la kwangu, na sio rahisi kulisema mbele ya watu.

Kuna kijana nilipelekwa kumwona miaka kadhaa iliyopita, jina lake nalihifadhi. Pointi gadi, yaani mpanga mchezo, miaka 19, ana mbio za ajabu, anakwenda kulia kama maji yanavyotafuta bonde. Lakini kulia tu. Nilimwona mechi tatu, mechi tatu nzima hajaenda kushoto hata mara moja ya maana, na walinzi wakishamjua wanasimama upande wa kulia basi kazi imekwisha. Nikaandika "kushoto hamna, hajifunzi", nikafunga daftari. Hilo neno la pili, "hajifunzi", ndo linaloniuma mpaka leo, maana nilikuwa nimeshasikia kwamba kocha wake amempa mazoezi ya mkono wa kushoto mwaka mzima na hamna mabadiliko, nikajumlisha mwenyewe.

Mechi ya tatu nilikaa na mwalimu mmoja mzee, sio kocha maarufu wala nini, alikuwa anafundisha watoto. Mapumziko ya nusu akaniuliza, umeona anavyofungua chupa ya maji? Nikamwambia hapana, nani anaangalia chupa? Akasema mwangalie. Yule kijana kaibana chupa katikati ya magoti, kafungua kifuniko kwa mkono wa kulia, kanywa kwa kulia, kaifunga kwa kulia, ule wa kushoto umelala juu ya paja umekunjwa kidogo kama mtoto aliyelala. Mechi ilipoisha yule mzee akamfuata akamwomba tu auone mkono. Kiungo cha kiganja kilivunjika akiwa na miaka 16, kiliunga vibaya, hakikunji vizuri kwenda nyuma, na alianguka nacho akienda kushoto. Hakumwambia mtu chuoni kwa sababu aliogopa kupoteza nafasi. Mwaka mzima kocha anampa mazoezi ya dribo kumbe anamuumiza, na mimi nimekaa jukwaani naandika hajifunzi.

Alipelekwa kwa mtaalamu wa viungo, ikachukua miezi mingi, na leo anacheza, kushoto anakwenda, sio kwa uzuri wa kulia lakini anakwenda na walinzi wanalazimika kumheshimu. Mimi sina mchango wowote kwenye hilo.

Tangu siku ile sijaandika tena udhaifu bila kuandika na chanzo chake pembeni, na kama sikijui naacha nafasi wazi naenda kuuliza. Kuna asiyejua kwa sababu hajafundishwa, huyo mpe mwalimu. Kuna ambaye mwili bado, mwembamba, magoti hayajakaza, huyo mpe muda na chakula usimharakishe. Kuna anayeumwa au anayeogopa, huyo mazoezi ya nguvu yatamharibu kabisa. Na kuna asiyetaka, anajua, anaweza, mwili upo, hataki tu kukimbia kurudi. Wote wanne kwenye uwanja wanaonekana sawa sawa! Wote unaandika "halindi vizuri". Huyo wa mwisho ndo peke yake ninayemwogopa, na ni wachache kuliko tunavyodhani, sisi ndo wavivu wa kuuliza.

Jambo la mwisho, kumwambia. Ukishampima kijana mwambie, na umwambie yeye kabla hujamwambia mtu mwingine. Nimeona vijana wanasoma udhaifu wao kwenye simu, umeandikwa na watu wasiowahi kukaa nao hata dakika moja. Wewe mwite, kaa nae chini, mwanzie ubora wake na uutaje kwa tukio, usimwambie "una akili ya mchezo", mwambie "dakika ile ulivyoona mwenzako amebaki peke yake kona ukampa bila kumwangalia, ile". Afu mwambie udhaifu mmoja. Mmoja, sio saba. Mwambie na chanzo unachodhani, afu umuulize, je ni kweli? Na unyamaze. Mara nyingi atakwambia kitu ambacho mechi kumi zisingekuonyesha.

Wazazi, kwenye kikao hicho naomba mkae nje. Najua inauma. Lakini mtoto akiwa na mama yake pembeni hawezi kusema naogopa.

Sasa saa tisa vijana wetu wanacheza hapo uwanjani, na hatuendi kutazama mpira. Kila mmoja wenu atapewa karatasi kule mlangoni, ina namba moja tu ya jezi, huyo ndo wako kwa dakika zote 40. Mtazame akiwa na mpira na asipokuwa nao, akiwa benchi, akinywa maji. Tukimaliza tunakutana hapa hapa, na swali ntakalowauliza ni moja, wapinzani wamemnyang'anya nini na yeye akafanyaje. Pointi alizofunga msiniandikie. Karibuni uwanjani.